Wino Mbichi

Graham alitoka kwenye dirisha la karani wa uhamiaji akiipepea pasipoti yake ili wino wa muhuri wa ukaazi ukauke.

"Nimepata, Doreen! Nenda sasa wewe."

Walikuwa Waingereza wazee, waliouza nyumba yao huko kwao ili waje wamalizie maisha katika mji huu. Doreen alikuwa anasogea dirishani aliposikia kichanga kikilia mgongoni mwa binti aliyekuwa nyuma yake, mgeni kama yeye.

"Pita wewe, mwanangu. Mtoto amechoka."

"Ahsante, bibi. Mungu akuweke."

Binti akagongewa muhuri wake. Mara mkuu wa ofisi akatoka chumba cha ndani, akamnong'oneza karani. Karani akauweka muhuri ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Samahani, bibi. Sheria imebadilika. Wastaafu kutoka nje hawapewi tena ukaazi."

"Lakini mume wangu umempa sasa hivi!"

"Yeye ameshapata, atakaa. Wewe itabidi urudi kwenu."

"Kwetu wapi?"

Binti akairudisha pasipoti yake dirishani. "Kaka, nifutie mimi, umpe yeye. Nafasi ilikuwa yake."

"Muhuri haufutiki, dada."

Graham alimkumbatia mkewe kwa nguvu, pasipoti ikiwa bado wazi mkononi. Alipomwachia, binti aliona muhuri umejichapa begani mwa gauni jeupe la Doreen, hafifu, herufi zikiwa kinyume.

Doreen alikuwa hajauona. Binti alinyoosha mkono aupanguse, kisha akaurudisha mkono, muhuri akauacha ulipo.