Mbaazi za Kwao

Siku ya harusi Mwanakheri alitiwa tone la dawa ulimini, kama wanavyotiwa maharusi wote wa kike, na tangu hapo aliweza kuhisi ladha ya chakula cha kwa mumewe tu. Fungate ilipokwisha alikwenda kumwamkia mama yake, akaandaliwa mbaazi za nazi na mahamri, chakula alichokulia. Alipotafuna, ilikuwa kama anatafuna pamba.

"Eti mwanangu, chumvi imekolea, au umeshazoea vya watu?" mama alimtania.

"Imekolea, mama. Mkono wako ni ule ule." Akamega hamri jingine, asije akamvunja moyo.

Mama alimtazama mpaka akamaliza sahani.

"Leo sikutia chumvi hata chembe," alisema polepole. "Nilitaka kujua kama bado upo."