Picha Isiyo na Jina

Mtu akifa, picha zake zote zilifutika siku ya arobaini, kwenye simu na hata kwenye fremu za ukutani. Mitambo ilizitafuta kwa jina. Siku hiyo ilipokaribia kwa mwanawe Sufiani, Mwasiti alishindwa kukaa nyumbani. Mumewe akampeleka kwenye mapango ya Kolo, angalau apumue.

Mwambani walisimama watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wembamba, wenye vichwa vikubwa.

"Hawa walikufa lini?" Mwasiti alimwuliza mlinzi.

"Maelfu ya miaka sasa, mama."

"Mbona hawajafutwa?"

Mlinzi alicheka. "Watafutwaje? Hakuna anayejua majina yao."

Jioni ile Mwasiti aliliondoa jina la Sufiani kwenye kila picha. Kwa kuwa mitambo ya nyumbani ilisikia kila neno, alimkataza mumewe na binti yao mdogo, Zuhura, kulitamka. Mumewe, aliyezoea kumwita Mama Sufiani, akajifunza kumwita Mama Zuhura.

Siku ya arobaini ikapita. Sufiani alibaki ukutani, akicheka na pengo lake la meno. Mwasiti alilia kwa furaha.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja Zuhura, akiwa amevaa sare za shule, alisimama mbele ya picha ile.

"Mama, hivi kaka aliitwa nani?"

Mwasiti alimshika mkono, akamtoa nje hadi katikati ya shamba la alizeti, ambako nyumba isingesikia. Akainama sikioni mwake, akafungua mdomo, akalitafuta jina.

Zuhura alisubiri.

"Mama," alisema mwishowe, "si useme basi."