Usikate Simu Kwanza

Runinga ilikuwa kwapani na mguu mmoja umeshavuka dirisha, bibi mwenye nyumba alipotokea jikoni na kikombe cha chai.

Mwizi mwenye akili zake angeruka. Huyu alisita.

"Chukua tu, mjukuu wangu," bibi alisema, machozi yakimlengalenga. "Mume wangu amenitoroka na daktari wangu wa meno. Runinga ya nini tena?"

Mwizi alichungulia getini. Mlinzi alikuwa amekwenda kununua sigara. Akirudi, geti linafungwa na yeye anarudi jela, na hakimu alishamwambia safari hii hatamwonea huruma. Alitakiwa kutimua mbio. Badala yake maneno yakamponyoka:

"Naona hilo limekuumiza sana, bibi."

Bibi akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akavuta kiti, akakaa.

Hilo lilikuwa balaa la ujana wake. Chuoni, kabla hajafukuzwa, alijitolea kwenye huduma ya simu ya kuwasikiliza wanafunzi wenye shida. Alifuata chai ya bure na wasichana; chai aliipata. Kanuni zilikuwa chache: usihukumu, usitoe ushauri, na ole wako ukate simu kwanza. Mkufunzi wao hawakuwahi kumwona. Aliwajaribu kwa simu, akijifanya msichana aliyeachwa na mchumba, akilia mpaka mtu achoke. Wenzake wote walikata. Yeye alisikiliza hadi sikio likaiva, mpaka kile kilio kikakatika ghafla na sauti tulivu ikasema, "Hongera. Wewe hukukata."

Hakuna aliyewahi kumpongeza kabla ya hapo, wala baada yake. Tangu siku ile, mtu akianza kumweleza shida, miguu inamfa ganzi. Shemeji yake, aliyekuwa akimwendeshea gari la kutorokea, alishaacha kazi kwa hasira.

"Endelea, bibi," alisema, akirudisha mguu ndani na kuilaza runinga kwenye kochi isije ikakwaruzika.

Bibi akaendelea. Jino lenyewe limeachwa na tundu! Na huyo daktari, miguu kama ya korongo! Kila mwizi alipojaribu kunyanyuka, bibi alikumbuka jambo jingine na kuangua kilio upya. Nje geti likalia. Mwizi alilisikia vizuri sana, lakini bibi alikuwa hajamaliza sentensi. Na kusema kweli alimwonea uchungu. Angempata huyo mume, angemzaba kofi.

"Siku aliyoondoka," aliuliza taratibu, "ulijisikiaje?"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Akatoka mzee mwenye soksi za sufu, simu mkononi.

"Polisi wameshaingia, mke wangu," alisema. "Mlinzi anawaleta."

Mwizi akamtazama mzee, akamtazama bibi, akalitazama dirisha. Polisi wawili walikuwa tayari sebuleni.

Kilio cha bibi kikakatika ghafla. Alisubiri pingu zifungwe, akafuta uso kwa kiganja, kisha akasema kwa sauti tulivu:

"Hongera. Mpaka leo hukati."