Jina Kwenye Kila Mstari

Tangu asubuhi Mwanahija alikuwa ameinamia kompyuta mpya ya shoga yake Tunu. Aliweka programu ya kuandikia msimbo wa tovuti, kisha vivinjari vitatu vya kuzifungulia, kisha seva ndogo ya kujaribia tovuti kabla hazijatoka hadharani. Kila kitu alikifungua na kukijaribu kwa furaha. Miaka miwili walikuwa wakitengeneza tovuti za watu kwa mashine moja mbovu, na hii ndiyo waliyoiota.

Ilibaki hatua moja. Programu ya kuhifadhi kazi ilitaka jina litakalotiwa kwenye kila mstari utakaoandikwa hapo.

“Niandike majina yetu yote mawili?” aliuliza.

Tunu alikuwa akipangusa meza isiyo na vumbi. “Andika langu.”

“Na langu?”

“Nimesajili kampuni, Mwanahija. Peke yangu. Mwezi uliopita.”

“Na wateja?”

“Ni wale wale. Wamekubali kuja kwangu.”

Mwanahija aliitazama skrini. “Mbona hukuniambia asubuhi, kabla sijaanza?”

“Nilitaka kwanza umalize.”

Mwanahija alirudisha vidole kwenye kibodi. Aliandika jina la Tunu herufi kwa herufi, akalisoma tena asije akawa amelikosea. Mashine ikadai nywila, neno la siri la mwenye jina. Akaisukuma kompyuta hadi upande wa pili wa meza, mbele ya Tunu, akageuza uso dirishani, kama afanyavyo mtu asiyehusika. Alingoja asikie Tunu akibonyeza vitufe, lakini nyuma yake hapakusikika kitu.