Begi la Mlangoni

"Na pasipoti yangu?" Irmeli aliuliza, amepiga magoti mbele ya begi jekundu pale mlangoni. "Redioni wamesema kila mtu awe na yake."

"Loo, makubwa haya!" Tauno, mumewe, alicheka hadi akakohoa.

Hapa mjini Kotka, mpaka wa Urusi ukiwa pua na mdomo, nyumba nyingi zina begi la dharura: maji, tochi, mkate mkavu, supu ya njegere ya kopo. Lakini Irmeli alizidisha. Tangu majani yaanze kupukutika, jengo zima lilijua kwamba mke wa Tauno amepata kichaa cha vita. Sokoni haonekani. Kwa dada yake aishiye mji wa Oulu hakanyagi. Simu yake anaishika mumewe, maana habari zinamtetemesha, Tauno alieleza. Akienda kazini bandarini humfungia kwa nje, asije akakurupuka barabarani. Jamani, mume mvumilivu yule! Hata jirani yao Terttu alikubali kutega sikio: akisikia mlango unafunguliwa, ampigie Tauno mara moja.

"Siku ikifika sitakuwa na muda wa kutafuta," Irmeli alisema. "Kikikosekana kimoja, nimekwisha."

Tauno akaingia chumbani, akafungua droo yake, akarudi na pasipoti. Akaitupa begini. Akaombwa kadi ya benki ya mkewe, akaileta pia huku anatikisa kichwa.

"Na ufunguo wa akiba."

Kicheko kikakatika. "Wa nini?"

"Bomu likianguka uko kazini, niungue humu ndani?"

Tauno alimkazia macho. Irmeli akainama, akaendelea kupanga makopo begini.

"Wewe? Hata ngazi unaziogopa, bibi wee." Akauchomoa ufunguo kwenye mnyororo wake, akautia mfuko wa pembeni. "Haya. Kalale nalo begi lako."

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa sita mchana, ving'ora vya hatari hulia nchi nzima kwa majaribio. Hakuna anayeshtuka. Watu wanaendelea kukoroga kahawa zao.

Mwezi ule vilipoanza kulia, Irmeli alitoka mbio, begi mgongoni, kamba za viatu zinaburuta.

Terttu alifungua mlango wake, simu mkononi. Kumwona tu, akaangua kicheko. Akaishusha simu, nani amsumbue mtu kazini kwa jambo kama hili?

"Irmeli wee! Rudi ndani, mwenzangu! Ni jaribio tu, leo Jumatatu ya kwanza!"

Irmeli alikuwa keshafika chini.

"Najua, shoga," alisema, akausukuma mlango wa nje.