Bakuli la Senene

Siku aliyohama Nyakato, Bi Mwanakheri alikuja uani na bakuli la jirani yake huyo. Lilikuwa limekaa kwake miezi minne. Nyakato alimletea siku ile ile alipopanga chumba, limejaa senene wa kukaanga, panzi wanaoliwa kwao. Bakuli la jirani halirudi tupu, lakini ungemrudishia nini mtu ambaye chakula chake uliwamwagia kuku?

Leo alitia vitumbua sita.

"Asante, mama," alisema Nyakato, akifunga godoro kwa kamba. "Nahamia ng'ambo ya reli. Kule wapo watu wa kwetu, wananiitikia salamu."

Bi Mwanakheri aliinama. Ni yeye aliyewaambia wapangaji wenzake wasimzoee, kwamba ndege wa rangi moja huruka pamoja.

"Wale senene mliwaonaje?"

"Watamu, mwanangu. Tuliwagombania."

Uso wa Nyakato ukachanua. Akahamishia vitumbua kikapuni, akajaza bakuli senene aliojifungashia safari, akampa kwa mikono miwili.

Kabla Bi Mwanakheri hajageuka, kuku wote wa uani walikuwa wameshamzunguka miguuni, shingo juu, wakingoja.