Kofia ya Koplo

Kinyozi alisimama katikati ya sebule iliyojaa wageni, akaanza kugeuza mifuko yake nje, mmoja baada ya mwingine. Vikadondoka funguo, kitana na peremende iliyokwisha kulambwa nusu.

"Haya, tazameni," alisema. "Kofia iko wapi? Nimeimeza?"

Watu walicheka, lakini si kile kicheko cha zamani. Walikuwa wamekuja kumkumbuka Koplo. Picha yake ilikuwa mezani, na kando ya picha palikuwa na nafasi tupu, mahali pa kofia.

Koplo hakuwa askari hata siku moja. Alikuwa mwigizaji, na kwa miaka yote ya kile kipindi cha upelelezi kwenye runinga alikuwa msaidizi wa Inspekta. Kazi yake ilikuwa moja tu, kukosea. Kila Jumamosi, hadithi ikifika katikati, aliiweka sawa kofia yake yenye beji ya shaba, akamnyooshea mtu kidole na kutangaza: "Ni huyu, afande!" Na kila Jumamosi hakuwa huyo. Inspekta watu walimheshimu, Koplo walimpenda, na hayo ni mambo mawili tofauti, muulize Inspekta mwenyewe. Wenye kesi mahakamani walikuwa wakimvizia njiani awanyooshee kidole, maana aliyeonyeshwa na Koplo ni msafi, hana doa.

Kipindi kilipofutwa, Koplo naye akazimika. Alishinda kitini akikodolea dirisha, chai inapoa, ndevu zinaota. Kinyozi, rafiki yake wa tangu ujana, alikuja na mashine yake akarudi nayo bila kunyoa hata unywele mmoja. Daktari alisema mwili ni mzima, hana cha kutibu.

Ndipo asubuhi moja mkewe alipotoka chumbani, mikono kiunoni. "Mzee, kofia yako haipo kwenye msumari. Mtaa huu umeingia mwizi."

Koplo aligeuza shingo taratibu. "Mwizi?"

Alikunywa chai yote, akaomba maji ya kuoga.

Kuanzia hapo alikuwa na kesi. Alimhoji muuza maziwa. Alimhoji fundi bomba, ambaye alikuja kuziba bomba akaondoka ameapa mara tatu. Alimshuku kila mtu kwa zamu, na aliyerukwa alinuna wiki nzima. Akanenepa. Jioni alimweleza mkewe alikofikia, naye mkewe, huku akimkatia mkate, alimtupia maswali ya mtego yaliyomfanya akune kichwa na kuanza upya kesho yake.

Balaa likaja mwishoni. Kinyozi alikuwa ameketi kando ya kitanda hospitalini, Koplo akainua kidole kwa shida. "Ni huyu, afande," alisema, akatabasamu. Kila mtu aliangua kicheko, kinyozi kuliko wote. Kesho yake mzee wa watu akafariki, na kauli ikabaki vilevile, haijafutwa.

Mzaha ukachacha. Maneno ya mwisho hayo, watu walinong'ona, mtu hawezi kufanya utani na mguu mmoja uko kaburini. Pale kinyozini wateja wakaanza kuzikalia kofia zao wakinyolewa.

"Nyinyi hamnitendei haki," kinyozi aliwaambia wageni sasa. "Namlilia mwenzangu, na huku naitwa mwizi wake. Hivi nitafungua duka kwa uso gani? Afande, wewe ndiye mjuzi. Sema neno."

Inspekta, aliyekuwa akimaliza kila kesi kabla ya taarifa ya habari, alikohoa. Akasema ataomba kwanza kwenda msalani akatafakari, akafungua mlango wa stoo, ndoo zikamwangukia.

"Basi," kinyozi alisema. "Acheni niwaambie. Hata mwezi ule wa mwisho, kila nikimnyoa, vidole vyake vinanuka dawa ya kung'arishia shaba. Kofia hana, dawa anayo! Nikamuuliza, wewe bwana unasugua nini, vijiko? Alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Mtu mwenye mapenzi hayo na kofia yake, mimi nimwibie? Mimi?"

Machozi yalimtoka waziwazi, mifuko ikining'inia nje kama masikio ya mbuzi.

Mjane aliingia kutoka jikoni na sinia la chai, akaona hali ilivyo, akaliweka chini.

"Shemeji, rudisha mifuko yako ndani, unanitia aibu mbele za watu," alisema kwa upole. "Kofia itapatikana. Hawa hawa watakuja kukuomba radhi."

"Itapatikana wapi, shemeji? Yeye mwenyewe kaitafuta mpaka kafa."

"Niachie mimi. Kunywa chai."

Alikunywa. Wengine nao wakanywa, Inspekta akafutwa vumbi, na taratibu wakarudi kwenye kumsimulia marehemu, nani alionyeshwa kidole lini, na kwa kosa gani. Walicheka vizuri zaidi kuliko walipokuja.

Wa mwisho alipoaga, mjane alifunga mlango, akachukua kitambaa jikoni na kuingia chumbani. Alifunua sanduku la cherehani yake mbovu, akapenyeza mkono hadi chini kabisa na kuitoa kofia palepale alipoificha asubuhi ile ya mwizi. Alikunja kitambaa tayari kufuta weusi wa miaka yote kwenye beji, maana tangu siku hiyo hakuwahi kuigusa tena.

Beji ilikuwa inang'aa, hata akauona uso wake humo.